Rais wa chuo aliyemfukuza Jenerali

Jumapili ya tarehe 10 Septemba 2000, mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana kule Marekani, rais wa Chuo Kikuu cha Indiana alisimama mbele ya waandishi akatangaza kwamba kocha wa timu ya kikapu hana kazi tena. Usiku ule ule mji wa Bloomington, chuo kilipo, polisi wenye kofia ngumu na ngao wakapelekwa kulinda nyumba, na nyumba yenyewe haikuwa ya kocha aliyefukuzwa, ilikuwa ya rais. Wanafunzi walijaa nje kwa maelfu, wanapiga kelele, wengine wanachoma moto mdoli waliomtengeneza kwa mfano wake. Rais anaitwa Myles Brand. Kocha ni Bob Knight, ambaye watu walishazoea kumwita Jenerali, na jina lilimkaa kweli.

Kuhusu Knight zimeandikwa stori nyingi mno, sina haja ya kuongeza rundo. Mimi ninayemfuatilia siku zote ni huyu mwingine, kwa sababu naona alifanya kitu ambacho marais wa vyuo vya Marekani karibu wote wanakikwepa, halafu baadaye akapewa kazi kubwa zaidi ya kuisimamia michezo ya vyuo nchi nzima, na huko ndiko nikagundua kwamba kumshinda kocha ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni hela.

Kwanza tuelewane, maana najua kuna mtu anasoma hapa anashangaa rais wa chuo na kocha wa basketi wanahusiana vipi mpaka polisi waitwe. Kwetu ukimuuliza mwanafunzi wa Mlimani kocha wa timu ya chuo anaitwa nani atakuangalia tu, na michezo ya vyuo ni ile mashindano mnasafiri na basi mnalala madarasani mnarudi na kikombe. Marekani ni dunia nyingine kabisa. Ukumbi wa Indiana, Assembly Hall, unaingiza watu zaidi ya elfu 17, na ni ukumbi wa chuo, sio wa klabu ya kulipwa. Kwenye majimbo mengi ukitafuta mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote humkuti gavana wala daktari bingwa, unamkuta kocha wa chuo. Sasa wewe ndio rais wa hicho chuo, kwenye karatasi kocha yuko chini yako ngazi kadhaa, lakini ukipita mtaani watu wanamjua yeye, na wafadhili wakipiga simu ofisini kwako wanaulizia tiketi.

Knight alifika Indiana 1971 akiwa na miaka 30. Alichukua ubingwa wa taifa mara tatu, 1976, 1981 na 1987, na ile timu ya 1976 ilicheza mechi 32 ikashinda zote 32, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya wanaume iliyolirudia mpaka leo. Mwaka 1984 ndiye aliyeiongoza timu ya Marekani kuchukua dhahabu Olimpiki ya Los Angeles, na humo ndani alikuwemo kijana wa chuo anaitwa Michael Jordan. Tena wachezaji wake walikuwa wanasoma na kumaliza, sio kama vyuo vingine ambako mchezaji anatumika miaka minne anaondoka bila digrii. Hakuwahi kukamatwa anahonga wachezaji wa sekondari waje chuoni kwake. Alisaidia mpaka kuchangisha hela za maktaba. Haya yote ni kweli na lazima yasemwe, maana watu wa Indiana hawakuwa wajinga kumpenda.

Lakini sasa. 1979 kwenye Michezo ya Pan American huko Puerto Rico aligombana na askari polisi mpaka mahakama ikamtia hatiani bila yeye kuwepo. 1985 kwenye mechi na chuo cha Purdue alikasirikia marefa akanyanyua kiti chekundu cha plastiki akakirusha uwanjani huku mchezaji wa Purdue yuko kwenye mstari anajiandaa kurusha mipira ya adhabu. Adhabu yake? Mechi moja. 1988 akasema kwenye televisheni maneno ya hovyo kabisa kuhusu ubakaji, rais wa chuo wa wakati huo, Thomas Ehrlich, akatoa tamko la kumkosoa, na Knight akaanza mazungumzo na chuo cha New Mexico kwamba anahamia huko. Jimbo zima likapata homa. Mwisho Knight akabaki, na aliyetoka amechafuka pale ni rais, yaani mtu aliyesema ubakaji sio jambo la utani ndiye aliyeonekana mkorofi. Hilo somo kila rais aliyekuja baada yake alilisoma vizuri.

Brand alikuja 1994. Alikuwa mtu wa Brooklyn, mwanafalsafa, na sisemi mwanafalsafa kwa maana ya kupenda kuongea, alikuwa na PhD ya falsafa na utafiti wake ulihusu kitu kinachoitwa nadharia ya matendo: mtu akikusudia jambo na akilitenda, uhusiano wa kusudio na tendo ni upi. Kabla ya hapo alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambako wapiga kura walipitisha ukomo wa kodi ya majengo mwaka 1990 na yeye akabaki na panga mkononi anakata idara. Kwa hiyo kuchukiwa alishakuzoea kidogo.

Na pale Indiana alifanya mengi yasiyo na uhusiano wowote na mpira. Vyombo vya habari huwa vinasahau hii sehemu. Wakati wake hospitali za chuo ziliungana na hospitali ya Methodist ya Indianapolis, na kikaanzishwa kitivo kizima cha informatiki mwaka 2000, wakati vyuo vingi bado viliona kompyuta ni kaidara ka watu wa hesabu. Ukitaka kumpima rais wa chuo kwa haki unaanzia hapo. Ila nani anaanzia hapo bwana, hata mimi nimeanza na mdoli unaochomwa moto.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo naona wengi wanaomsifia Brand wanairuka haraka haraka. Kuanzia 1994 mpaka mwanzo wa 2000, miaka karibu sita, Brand alikuwa bosi wa Knight na hakufanya la maana. Machi 2000 kituo cha televisheni cha CNN/SI kikarusha habari kwamba mchezaji wa zamani, Neil Reed, anadai Knight alimkaba shingo mazoezini mwaka 1997. Knight akakana, makocha wasaidizi wakakana, mashabiki wakamtukana yule kijana kwamba ni mwongo anayetafuta umaarufu. Mwezi uliofuata ikatoka video ya mazoezi, na mkono wa Knight unaonekana wazi uko kwenye shingo ya kijana. Chuo nacho kikawapa wajumbe wawili wa bodi wafanye uchunguzi. Na kumbuka tangu 1994 timu ya Knight ilikuwa haivuki raundi ya pili ya mashindano ya taifa, ubingwa wa mwisho ulikuwa miaka 13 nyuma. Mimi najiuliza, hivi kama ile video ingetoka 1987, wiki moja baada ya ubingwa, kuna rais gani angefanya uchunguzi? Sijawahi kupata jibu la kuniridhisha kwa upande wa Brand, na ndio maana huwa nasita nikisikia anaitwa shujaa.

Tarehe 15 Mei 2000 akatoa uamuzi. Knight habakii nje, anabaki kazini, ila anafungiwa mechi 3, anatozwa dola 30,000, na kuanzia siku hiyo hakuna kuvumiliwa tena, kosa moja tu basi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyekitumikia chuo karibu miaka 30 anastahili nafasi moja ya mwisho.

Pale palikuwa na wakosoaji pande zote mbili. Wengine walisema Brand ameogopa. Wengine, wale wa Jenerali, walisema ametega mtego, anajua tabia ya mzee, anasubiri tu ateleze. Mimi naona kosa halisi lilikuwa lingine: kosa gani hasa? Akimfokea refa imekuwa kosa? Akitukana mazoezini? Akigoma kwenda kwenye hafla ya wafadhili? Ile kauli ilikuwa na ukali mwingi na maelezo machache, na kwa mtu aliyetumia ujana wake kuandika kuhusu kusudio na tendo unategemea angekaa chini akaandika orodha hata ya ukurasa mmoja. Kila mtu akabaki na tafsiri yake, Knight naye akabaki na yake.

Halafu likatokea lile la Septemba, na hapa msomaji wa kwetu naomba ukae vizuri kwa sababu hili ukiwasimulia wazee wetu wanaweza kukugeukia vibaya. Kijana wa mwaka wa kwanza, miaka 19, anakutana na Knight mlangoni Assembly Hall, anamwambia kitu cha namna ya "Oya Knight, vipi?" Knight ana miaka 59. Kijana akasema kocha alimshika mkono kwa nguvu, akamvuta pembeni na kumfokea kwa matusi kuhusu adabu. Knight akasema alimshika kiwiko taratibu tu akamwambia mtu mzima anaitwa Mista Knight au Kocha Knight, basi.

Sasa niambie ukweli. Mtoto wa jirani akikupita akakuita jina lako kavu, bila Mzee, bila Shikamoo, bila Mwalimu, kwetu utafanyaje? Kuna wajomba zangu wangemaliza hiyo kesi papo hapo na mzazi wa mtoto angekuja jioni kuomba radhi. Ndio maana niliposimulia hii stori kijiweni karibu wote walikuwa upande wa kocha, mmoja akaniambia "yaani huyo rais kamfukuza mzee kwa kumfundisha mtoto heshima?" Na ndivyo wanafunzi wa Bloomington walivyoiona pia, kwamba mtu mzito amefukuzwa kwa kitu kidogo.

Lakini Brand hakumfukuza kwa hilo peke yake, na ukisoma alichosema siku ile unaona kabisa kwamba la mkono lilikuwa tone la juu. Tangu Mei mpaka Septemba Knight alikuwa ameendelea kuwadharau wakubwa wake wa michezo, alimtolea maneno makali afisa mwanamke wa ngazi ya juu wa chuo, alikataa kuhudhuria shughuli za chuo alizopangiwa. Na kubwa kuliko yote kwangu mimi, Brand alimwomba asiondoke mpaka jambo hili liishe, Knight akasema hapana, ana safari ya kwenda kuvua samaki Canada, akaondoka. Bosi wako anakwambia kaa kuna jambo zito linakuhusu, wewe unabeba ndoana. Ukinizungumzia heshima nami nitakuuliza: huyo aliyedai kuitwa Mista mbona yeye kumheshimu mtu mwingine kwenye jengo lile ilimshinda? Katibu muhtasi wa idara ya michezo aliwahi kufokewa na kurushiwa chombo kikavunjika ukutani, na huyo hakuwa mtoto wa miaka 19, alikuwa mama mtu mzima yuko kazini kwake. Heshima ya upande mmoja huko kwetu ina jina lingine.

Brand akampigia simu akamtaka ajiuzulu. Akakataa. Akafukuzwa.

Kilichofuata mnakijua kidogo. Siku tatu baadaye Knight alihutubia maelfu ya wanafunzi kwenye uwanja wa majani pale chuoni, Dunn Meadow, na nimpe haki yake aliwaambia wamuache yule kijana na familia yake, maana kijana alikuwa anapokea vitisho. Timu akapewa msaidizi, Mike Davis, na mwaka 2002 wakafika mpaka fainali ya taifa wakafungwa na Maryland 64 kwa 52. Wale waliosema chuo kitakufa walinyamaza kidogo. Na lile tishio kubwa kuliko yote, kwamba wafadhili watakimbia na hela zao? Desemba ya mwaka ule ule, miezi mitatu baada ya kufukuzwa Jenerali, mfuko wa Lilly ukakipa chuo dola milioni 105 za utafiti wa jenomu. Sisemi walitoa kwa sababu ya Knight, hapana, ni mambo mawili tofauti kabisa. Nasema tu kwamba hofu ambayo ilikuwa imewafunga mdomo marais waliotangulia, ya kwamba ukimgusa kocha chuo kinafilisika, ilijaribiwa mara moja na haikutimia.

Januari 2001 Brand akaenda Washington, klabu ya waandishi wa habari, akatoa hotuba ambayo nadhani ndiyo iliyompa kazi iliyofuata. Alisema michezo ya vyuo imekuwa na sauti kubwa kuliko masomo, na dawa ni kuipunguza sauti, sio kuizima. Watu walikuwa wamechoka na marais wanaolalamika pembeni, na sasa kuna mmoja ambaye amemgusa kocha mkubwa kuliko wote na bado yuko hai. Mwanzoni mwa 2003 akaanza kazi kama mkuu wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchi nzima, na alikuwa rais wa kwanza wa chuo kikuu kushika kiti hicho.

Huko alichofanya cha kukumbukwa ni kile kipimo kinaitwa APR. Mpango wenyewe ni rahisi kuuelewa: kila mchezaji mwenye skolashipu anapata pointi moja akibaki chuoni na pointi moja akifaulu kiwango cha masomo kinachomruhusu kucheza, kila muhula, halafu timu nzima inajumlishwa na kuwekwa kwenye mizani ya 1,000. Ukishuka chini ya 925 (baadaye wakapandisha 930) ulikuwa unaanza kukatwa skolashipu, ukizidi kuzembea ulikuwa unafungiwa mashindano. Kabla ya hapo chuo kilikuwa kinaweza kumleta kijana, kikamchezesha, akaondoka bila cheti, na hakuna anayeulizwa. Na kipimo hakikuwa cha maonyesho tu, maana Connecticut, waliochukua ubingwa wa kikapu 2011, walizuiwa kabisa kucheza mashindano ya 2013 kwa sababu ya alama hizo. Mabingwa, wamekaa nyumbani wanaangalia kwenye tivii.

Mimi hii APR niliijulia kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alipata skolashipu ya kukimbia huko huko Midwest. Nilikuwa nikimpigia jioni za kule hapokei, nikadhani kijana ameshaonja Marekani amesahau ndugu. Kumbe yuko kwenye chumba cha kujisomea, lazima, kuna mtu mlangoni anaandika nani ameingia na saa ngapi. Alikuwa ananiambia "kaka, hapa nikifeli hesabu kocha anajua kabla yangu." Kocha wa mbio! Alikuwa analalamika kwelikweli, mara usingizi, mara mazoezi alfajiri. Lakini amemaliza, cheti anacho. Wale waliotangulia enzi za kina Henry Rono, mkimbiaji wa Kenya, kule chuo cha Washington State, ambaye 1978 alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 akiwa mwanafunzi, au kina Suleiman Nyambui wetu pale El Paso, walikuta mfumo ambao ulikuhesabia mataji, na kusoma ilikuwa juu yako mwenyewe na bahati ya kocha uliyemkuta. Kwa hiyo mtu akiniuliza Brand ameacha nini, kitu cha kwanza ninachokiona sio Knight, ni kile chumba chenye mtu mlangoni.

Alifanya na mengine. 2005 NCAA ikavibana vyuo vilivyokuwa vinatumia majina na sanamu za Wahindi Wekundu kwa namna ya kudhalilisha, Illinois ikalazimika kumstaafisha yule mchezaji ngoma wake aliyevaa manyoya, Florida State ikaachwa kwa sababu kabila lenyewe la Seminole la Florida lilisema sisi hatuna shida. Na alisimama na michezo ya wanawake pale serikali ilipotaka kulegeza masharti. Haya nayapita haraka, sio kwamba ni madogo, ila kuna kitu kinanikera nataka nifike huko.

Hela. Alipoingia NCAA, mkataba wa televisheni wa mashindano ya kikapu ulikuwa wa dola bilioni 6 kwa miaka 11. Wachezaji waliokuwa wanajaza zile kumbi walikuwa wanapata skolashipu, chakula na kitanda, nje ya hapo ukinunuliwa hata soda na wakala ilikuwa kosa. Mtu aliyetoa ile hotuba ya kupunguza sauti ungetegemea aanzie hapa. Badala yake 2006 alisimama mbele ya wanachama wake akajenga hoja kwamba uamatea, yaani kucheza bila kulipwa, ni wa mchezaji, sio wa biashara yenyewe, kwa hiyo hakuna ubaya wowote chuo kikitafuta hela nyingi kadiri inavyowezekana ilimradi mchezaji halipwi. Mwaka huo huo mbunge Bill Thomas, mwenyekiti wa kamati ya kodi ya bunge, akamwandikia barua kumuuliza: kama mna mikataba ya mabilioni na makocha wa mamilioni, kwa nini msilipe kodi? Brand akajibu kurasa na kurasa kwamba michezo ni sehemu ya elimu.

Nimeisoma ile hoja kwa kutulia kabisa na naona kama mwanafalsafa hakuiamini sana, ila hiyo ni hisia yangu, siwezi kuingia moyoni mwa mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja yenyewe haisimami. Huwezi kusema mchezo ni elimu ukiulizwa kodi, halafu ukasema ni biashara ukiwa unasaini na televisheni, halafu mtu mmoja tu kwenye mnyororo mzima, yule anayetoka jasho, ndiye unamwambia wewe fanya kwa mapenzi. Na Brand hakuwa mtu wa tamaa, hapo ndipo ugumu ulipo. Alikuwa mtu safi akiutetea mpangilio ambao usafi wake haukuweza kuubadilisha, na naogopa usafi wake ulisaidia kuupa maisha zaidi.

Halafu ukitaka kuona hela zinavyofanya kazi rudi Bloomington. 2006 chuo kikamwajiri kocha mpya, Kelvin Sampson, ambaye tayari alikuwa na kesi ya kupiga simu zilizokatazwa kwa wachezaji wa sekondari alikotoka. Walijua, wakamwajiri hivyo hivyo, kwa sababu walitaka kushinda. Akaja akarudia yale yale ya simu, NCAA ya Brand ikakifungulia mashtaka chuo cha zamani cha Brand, Februari 2008 Sampson akaondoka na dola 750,000 za kumalizana. Alama za APR za timu zikaporomoka vibaya sana. Knight alitozwa 30,000 kwa shingo ya mtu, Sampson akapewa 750,000 aondoke, na hebu fikiria mwana-Jenerali aliyekuwa pale nje ya nyumba ya rais mwaka 2000 alikuwa anasemaje siku hiyo. Alikuwa na la kusema.

Julai 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa nyota wa UCLA, akaishtaki NCAA kwa kutumia sura yake kwenye michezo ya video bila kumlipa. Brand alikuwa anaumwa saratani ya kongosho, akafariki 16 Septemba mwaka huo, miaka 67. Hakuona mwisho wa ile kesi wala zilizofuata: 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9, ikaipiga NCAA kwenye kesi ya Alston, mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kupata hela za matangazo, na Juni 2025 makubaliano ya mahakamani yakaviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Ile hoja ya 2006 imekufa kabisa.

Knight naye aliishi muda mrefu kuliko hasira za watu wengi lakini sio zake mwenyewe. Alifundisha Texas Tech mpaka 2008, akagoma kurudi Indiana hata walipotaka kumpa heshima, na 2017 kwenye redio alisema wazi kwamba wale viongozi waliomfukuza anatumaini wote wameshakufa. Brand alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka 7. Februari 2020, mzee, amedhoofika, akarudi Assembly Hall wakati wa mapumziko ya mechi na Purdue, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Alifariki Novemba 2023. Hakuna ukumbi uliowahi kulipuka kwa ajili ya Brand, na sidhani kama aliutegemea.

Sasa hivi vyuo vinawagawia wachezaji hela hizo, na kila mtu anajua zinaenda wapi: futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume. Timu nyingine zimewekewa ukomo wa idadi ya wanariadha, na vyuo vingine vinafuta kabisa timu ndogo. Mbio ni timu ndogo. Vijana wetu wa Iten, wa Mbulu, wa Kapchorwa wanaingia Marekani kwa mbio, na wanaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo inakubana sana kufanya kazi, kwa hiyo hata zile hela za matangazo mwenzake wa Kimarekani anazisaini kwa simu, yeye anaambiwa angalia usije ukafukuzwa nchini. Mtoto wa mama mdogo ameshamaliza, yake yamepita, lakini anapigiwa simu na wadogo zake wa kijijini wanaouliza wafanyeje, na anachowajibu ni kwamba wachague chuo ambacho rais wake hajazungumzia kufuta riadha, kisha ananiuliza mimi hiyo utaijuaje ukiwa Mbulu.